Uzamili wa sera na utawala wa umma ukiwa kazini: tafuta swali kabla ya chuo

Msomaji mmoja ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Nina miaka tisa katika idara ya mipango ya mamlaka ya mji, na sasa naongoza kitengo cha vibali vya ujenzi. Shahada yangu ya kwanza ni ya sosholojia. Nataka kusoma uzamili bila kuacha kazi, na nimepata programu mbili. Moja ni ya sera za umma, miaka miwili, madarasa ya jioni. Nyingine ni ya utawala wa umma, miaka mitatu, kwa njia ya mtandao pamoja na wiki chache za kukutana ana kwa ana. Mkuu wangu amesema sawa, mradi kazi isilale. Mwenzangu ofisini ananiambia uzamili wa jioni ni nusu shahada, na kwamba mshika mbili moja humponyoka. Afadhali nisubiri ruhusa ya masomo nikasome muda wote. Hesabu naziogopa. Nina watoto wawili. Nifanyeje?"

Marahaba, ndugu yangu. Usisubiri hiyo ruhusa, lakini pia usijaze fomu mwezi huu. Kuna jambo moja halimo katika barua yako, nalo ndilo litakaloamua mengine yote. Umenieleza habari za programu, miaka, mkuu wako, mwenzako na watoto. Hukunieleza unataka kujua nini. Nimefundisha madarasa ya jioni ya fani hii kwa muda mrefu, na wanafunzi niliowaona wakimaliza wakiwa na kitu cha maana mkononi ni wale walioingia na swali linalowakera kutoka kazini kwao. Waliokuja kutafuta cheti peke yake, wengi walipita kozi vizuri kabisa kisha wakakwama kwenye tasnifu. Akili hazikuwapungukia. Walifika mahali ambapo hakuna tena mhadhiri wa kuwapa swali, na la kwao hawakuwa nalo.

Lakini nianze na maneno ya mwenzako, maana naona yamekukaa moyoni.

Ugumu wa uzamili haupimwi kwa idadi ya miaka, wala kwa saa ambayo mhadhiri anaingia darasani. Unapimwa kwa kiasi cha kazi. Uingereza, kwa mfano, shahada ya uzamili huwa na krediti 180, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, yaani mihadhara, kusoma, kuandika na mitihani, vyote kwa pamoja. Hizo ni saa 1,800. Katika mfumo wa krediti unaotumika katika nchi nyingi za Ulaya, krediti moja ni kati ya saa 25 na 30, na mwaka mmoja wa masomo ya muda wote ni krediti 60, kwa hiyo unapata saa 1,500 hadi 1,800. Anayesoma mchana na anayesoma jioni wanadaiwa saa zilezile, wanasahihishiwa na watu walewale, na vyeti vyao kwa kawaida haviandikwi nani alisoma saa ngapi.

Fani hii yenyewe ina asili ya ofisini. Shule ya Maxwell ya Chuo Kikuu cha Syracuse nchini Marekani, iliyoanza mwaka 1924 na kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kutoa uzamili wa utawala wa umma, ilirithi shule ya mafunzo iliyoanzishwa New York mwaka 1911 na taasisi iliyokuwa ikichunguza uendeshaji wa jiji. Waliosoma pale walijifunza kwa kushiriki uchunguzi halisi wa idara za jiji. Kwa hiyo mtu anayetoka dirishani kwa wananchi saa kumi na moja na kuingia darasani saa kumi na mbili hajaipunguza hadhi fani hii. Anaisoma kwa namna iliyoanzishwa nayo.

Na ile methali ni ya kweli kwa mtu anayeshika vitu viwili visivyohusiana. Wewe vitu vyako viwili vinaweza kuwa kimoja, kama swali la masomo litatoka kwenye kazi. Usipoviunganisha, mwenzako atakuwa amesema kweli, na kimoja kitakuponyoka.

Sasa tupige hesabu ya saa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Chukua saa 1,800. Ukizigawa kwa wiki 104 za miaka miwili unapata kama saa 17 kwa wiki, na mtu akiona hivyo husema ataweza. Lakini wewe huna wiki 104. Toa wiki za kufunga mwaka wa fedha, za kuandaa bajeti, za wakaguzi, za mtoto kuugua, za sikukuu, na zile ambazo utakuwa umechoka tu na kichwa hakiingizi kitu. Mtu wa kazini akibaki na wiki 40 nzuri kwa mwaka, ashukuru. Wiki 80 kwa saa 1,800 ni saa 22 na nusu kwa wiki, juu ya kazi ya kutwa. Hizo ni zaidi ya saa tatu kila siku, Jumapili ikiwamo. Ukienda miaka mitatu una wiki 120, na mzigo unashuka hadi saa 15.

Saa 15 zinapatikana. Madarasa mawili ya jioni ya saa tatu tatu ni saa 6. Jumamosi asubuhi, saa 4. Zinabaki 5, yaani saa moja kila alfajiri ya siku ya kazi kabla nyumba haijaamka. Saa 22 pia zinapatikana, kwa muhula mmoja. Muhula wa tatu mwili unagoma, au nyumba inagoma, au mkuu wako anaanza kuuliza mbona ripoti zinachelewa.

Kwa sababu hiyo jambo la kwanza la kuwauliza watu wa ile programu ya miaka miwili lisiwe ada. Waulize muda wa juu kabisa unaoruhusiwa kumaliza ni miaka mingapi, na kama unaweza kuchukua kozi moja badala ya mbili katika muhula unaoangukia kufunga mwaka wa fedha bila kupoteza nafasi yako. Programu inayojua kuwa wanafunzi wake wako kazini ina jibu tayari, tena kwa maandishi. Ile inayofundisha watu wa mchana kisha ikasogeza ratiba mbele kwa saa chache itakuambia "tutaona". Hapo umeshajua unashughulika na nani.

Kusoma polepole kuna faida yake pia. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku nyingi hukaa kichwani kuliko yaliyorundikwa siku moja, na watafiti wengi waliomfuata wameliona hilohilo. Mwanafunzi wa kazini anasoma nadharia ya bajeti Jumanne, anakutana na bajeti yenyewe Jumatano, na Alhamisi anagombana na mhasibu juu yake. Mwenzake wa muda wote hana hiyo Alhamisi.

Turudi kwenye swali. Umesema unaongoza kitengo cha vibali vya ujenzi. Nina hakika wananchi wanakulalamikia kwamba vibali vinachelewa, na pengine wewe mwenyewe unalalamika. "Vibali vinachelewa" ni malalamiko, bado si swali la utafiti. Tulisogeze taratibu. Vibali vya namna gani: vya nyumba za makazi, maghala, au majengo ya ghorofa? Vinachelewa kati ya hatua ipi na ipi: kupokelewa, kukaguliwa eneo, au kusubiri saini? Faili za aina moja huchukua muda tofauti kati ya kanda na kanda? Ukiwauliza makarani wako kwa upole watakujibu mengi kabla hata hujafungua daftari la kumbukumbu. Tuseme unagundua kwamba kanda moja iliruhusiwa mwaka jana kusaini yenyewe vibali vya nyumba za makazi, ilhali kanda nyingine bado zinapeleka kila faili makao makuu. Hapo swali limezaliwa: je, kumruhusu mkuu wa kanda kusaini kumepunguza siku za kusubiri, bila kuongeza majengo yanayokiuka masharti?

Angalia nusu ya pili ya swali hilo. Ukiacha nusu ya kwanza peke yake, unapima kasi tu, na mtu yeyote anaweza kuongeza kasi kwa kugonga mihuri bila kusoma michoro. Sera huwa karibu kila mara inapata kitu na kulipia kitu. Mwanafunzi anayeweza kutaja vyote viwili katika sentensi moja ameshavuka kizingiti kinachowashinda wengi.

Sasa hizo hesabu unazoziogopa. Tuseme, kwa namba za mfano tu, kabla ya mabadiliko kanda ile ilikuwa inachukua wastani wa siku 40 kutoa kibali, na baadaye siku 25. Imepungua 15. Unafurahi, unataka kuandika ripoti. Ngoja. Kanda jirani, ambayo haikubadilishiwa chochote, ilikuwa siku 38 na sasa ni 32. Nayo imepungua 6, labda kwa sababu ofisi zote zilipata kompyuta mpya. Kwa hiyo kilichotokana na ruhusa ya kusaini si 15. Ni 15 toa 6, yaani 9. Umefanya kutoa mara tatu tu. Kwa namna hiyohiyo ya kufikiri, mwaka 1994 wanauchumi David Card na Alan Krueger walichapisha utafiti wao juu ya migahawa ya majimbo mawili jirani ya Marekani, New Jersey na mashariki mwa Pennsylvania, baada ya New Jersey kupandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa mwezi Aprili 1992 na jirani yake kubaki palepale. Ajira haikupungua kama wengi walivyotarajia, na mjadala uliofuata ulibadili namna wanauchumi wanavyolitazama suala la mishahara. Card alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021.

Kazi ya kozi ya takwimu ni kukusaidia kujua ile 9 uiamini kiasi gani. Je, kanda ile ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa imezidiwa mwaka ule, kwa hiyo siku zingeshuka tu hata isingeguswa? Je, wajenzi wamegundua upande wenye wepesi wakaanza kuhamishia maombi huko? Maswali hayo yanataka mtu anayeijua ofisi kuliko mtu anayejua fomula, na wewe una miaka tisa ya kuijua ofisi.

Kabla masomo hayajaanza, jipe miezi miwili ya kujizoeza kwa daftari lako mwenyewe la vibali katika programu ya majedwali ya kompyuta. Tafuta wastani, namba ya katikati, asilimia ya mabadiliko, na uchore grafu. Utaona mambo. Kwa mfano, faili kumi: tisa zimechukua siku 20 kila moja, moja ilipotea kabatini ikachukua siku 400. Wastani unakuambia siku 58, na hakuna hata mwananchi mmoja aliyesubiri siku 58. Ukizipanga kuanzia fupi hadi ndefu, ya katikati ni 20. Nimeona ripoti nyingi za ofisi zilizojengwa juu ya wastani wa namna hiyo, na maamuzi ya fedha yakafanywa kwa huo. Mtu akishaliona hili katika faili zake mwenyewe, hofu ya takwimu hupungua sana, kwa sababu sasa anajua zinamtetea nani.

Sera au utawala? Kimataifa shahada hizi hufahamika kwa vifupisho MPP, ya sera, na MPA, ya utawala. Kwa desturi, ya kwanza ina uchumi, takwimu na tathmini kwa wingi. Ya pili ina zaidi mambo ya taasisi, watumishi, bajeti, sheria na uongozi. Mgawanyo huu ni wa zamani. Woodrow Wilson, kabla hajawa rais wa Marekani, aliandika makala mwaka 1887 akitaka utawala usomwe kama fani yake, nje ya mivutano ya kisiasa. Fani ya sera ikaja kujitambulisha baadaye, hasa baada ya mwanasayansi wa siasa Harold Lasswell kuipigia debe mwaka 1951. Siku hizi programu nyingi zimechanganya, na jina la mlangoni halikuambii kilichomo. Omba orodha ya kozi na muhtasari wa kila moja, uone nini ni lazima na nini ni hiari.

Hata hivyo usidhani kwamba anayeandika sera anaweza kuishi bila kuujua utawala. Mwaka 1973 wanasayansi wa siasa Jeffrey Pressman na Aaron Wildavsky walieleza mradi wa serikali kuu ya Marekani wa kuleta ajira katika jiji la Oakland. Fedha zilikuwepo, wakubwa walikubaliana, nia ilikuwa njema, na bado miaka kadhaa baadaye ajira zilizopatikana zilikuwa chache mno. Sababu mojawapo waliyoionyesha ni wingi wa hatua zinazohitaji mtu fulani akubali. Piga hesabu mwenyewe: kama kila hatua ina uwezekano wa asilimia 95 wa kupita, hatua 14 mfululizo zinakuacha na chini ya asilimia 49 ya kufika mwisho. Kibali chako cha ujenzi kinapita mikono mingapi? Ihesabu kesho asubuhi.

Kwa hali yako, mimi ningechagua ile ya sera, kwa sharti mbili. Ya kwanza, wakuruhusu kuitandaza kwa miaka mitatu. Ya pili, iwe na walau kozi moja ya lazima ya utekelezaji au bajeti. Utawala unao tayari kwa mazoea ya miaka tisa, na sosholojia imekufundisha kuwatazama watu. Kinachokupungukia ni vipimo, na vipimo ni vigumu kujifundisha peke yako usiku. Wakikataa kuitandaza, nenda kwenye ile ya mtandao bila kinyongo, ila hakikisha kozi za takwimu na tathmini zimo. Na zile wiki za ana kwa ana usizichukulie kama usumbufu. Watu utakaokaa nao wiki hizo ndio watakaokupigia simu tasnifu ikikushinda.

Katika kukagua chuo, anza na ithibati ya mamlaka ya elimu ya juu ya nchi kinakotoa shahada. Hilo halina mjadala. Baadhi ya programu zina pia ithibati ya fani yenyewe, kama ya NASPAA yenye makao Marekani au EAPAA ya Ulaya. Ni ishara nzuri ikiwepo, na kukosekana kwake peke yake si kasoro. Kisha uliza mambo ambayo vipeperushi havisemi. Katika kundi lililoingia miaka mitano iliyopita, wangapi wamemaliza? Msimamizi wa tasnifu anapatikana jioni, au atakuita saa nne asubuhi ya Jumatatu? Maktaba inafunguka kutoka nyumbani? Na uombe kuzungumza na wanafunzi wawili walioko mwaka wa mwisho, tena wenye ajira, bila mtu wa chuo kusikiliza. Dakika ishirini na hao zitakueleza kuliko mkutano mzima wa utambulisho.

Jambo linalofuata sitalipitia haraka, kwa sababu ndilo linalowaumiza watu wasiokusudia ubaya. Utakuwa unachunguza mahali unapofanyia kazi, na pengine watu unaowaongoza. Karani wako ukimwomba mahojiano, yeye anasikia amri. Atakubali, atakujibu unachopenda kusikia, na tasnifu yako itajengwa juu ya adabu yake. Mwanasayansi wa siasa Michael Lipsky alieleza mwaka 1980 kwamba watumishi wa mstari wa mbele, wale wanaokutana na mwananchi uso kwa uso, ndio kwa kiasi kikubwa wanaoamua sera inakuwaje kwa vitendo: nani asubiri, nani asaidiwe kujaza fomu, faili ipi iwekwe juu. Maarifa hayo ni nyeti. Hakuna karani atakayemweleza bosi wake jinsi anavyopanga faili. Ndiyo maana nashauri ama uchunguze kanda ambayo huiongozi, ama mahojiano yafanywe na mtu mwingine na wewe upewe majibu yasiyo na majina, ama utumie faili badala ya watu. Lizungumze hili na msimamizi mapema, na lipite kwenye kamati ya maadili ya utafiti ya chuo kabla hujakusanya chochote.

Faili nazo zina majina, namba za viwanja na za simu. Kupata faili kwa ajili ya kazi hakukupi haki ya kuzitumia kwa masomo. Unahitaji barua ya mkuu wa taasisi, wala si neno la mdomo la mkuu wa idara. Majina yaondolewe ndani ya ofisi kabla takwimu hazijatoka, na zisitumwe kwenye makundi ya simu hata kama ni kwa mwanafunzi mwenzako. Na katika barua hiyo liandikwe wazi kwamba tasnifu itasahihishwa na kuwekwa maktaba vyovyote matokeo yatakavyokuwa, ila ofisi haitatajwa kwa jina. Ukiliacha bila kuandikwa, siku matokeo yatakapoonyesha kwamba saini ya makao makuu haina faida yoyote, utajikuta unachagua kati ya ukweli na kazi yako. Sitaki ufike hapo.

Tukija kwa mkuu wako: "sawa, mradi kazi isilale" ni neno zuri, lakini ni upepo. Mkuu anaweza kuhamishwa, na ajaye hatakuwa amelisikia. Mwandikie barua ya ukurasa mmoja. Mweleze siku mbili za wiki utakazotoka kwa wakati bila nyongeza, wiki za mitihani ambazo hutapangiwa safari, na nani atashika kitengo siku hizo. Kisha mweleze ofisi itapata nini: kila muhula utaleta kazi moja ya darasani iliyofanywa juu ya tatizo la idara, iwe ni uchambuzi wa bajeti ya kitengo au ramani ya safari ya faili. Wakuu wengi hukubali wakiona hivyo, kwa kuwa wanalipa washauri kwa kazi ya namna hiyohiyo. Nakala iende kwa idara ya rasilimali watu.

Hao rasilimali watu waulize pia, kwa maandishi, kama muundo wa utumishi wa kada yako unautambua uzamili huu katika kupanda daraja. Kuna kada ambazo hauongezi hata hatua moja, na ni bora ulijue mapema. Kama mwajiri atalipa ada, soma kifungu cha kurudi kutumikia: ni miaka mingapi, inaanza kuhesabiwa lini, na nini kinatokea ukiahirisha muhula kwa ugonjwa au uzazi. Usisaini siku unayopewa karatasi.

Nyumbani fanya mazungumzo yaleyale. Wanao na watu unaoishi nao wanahitaji kujua Jumamosi asubuhi haupo, na Jumamosi mchana upo kweli, simu ikiwa mbali. Ahadi ya pili ndiyo ngumu kuitimiza, na ndiyo inayowafanya waivumilie ya kwanza.

Na tasnifu usiiache ije mwisho. Nimesema wengi hukwama hapo. Kinachowakwamisha zaidi ni kwamba ratiba ya darasa inakatika ghafla, kazi ya ofisi inajaza nafasi yote, na mwaka unapita. Wewe kila kozi ichukue upande wa swali lako. Kazi ya kozi ya uchumi iandike juu ya gharama ya kusubiri kibali kwa mwenye nyumba. Ya sheria, juu ya nani anaruhusiwa kukasimu saini. Ya takwimu, juu ya kanda zako mbili. Ukifika mwaka wa tatu utakuwa na sehemu kubwa ya malighafi, na msimamizi anayekujua kwa swali lako. Ile saa ya alfajiri isife hata baada ya madarasa kuisha. Muda ule ndio utakaokubeba.

Kwa sasa fanya mambo matatu kabla dirisha la maombi halijafungwa. Andika swali lako kwa sentensi moja, lenye kile kinachopatikana na kile kinacholipiwa. Peleka barua kwa mkuu wako. Waandikie waratibu wa programu zote mbili uwaulize juu ya muda wa juu wa kumaliza na kozi za lazima. Majibu yakifika niandikie tena na uambatishe hilo swali. Nitakuambia kama linabebeka ndani ya tasnifu moja au linahitaji kupunguzwa.